Uliza Mwalimu: Je, chuo cha Marekani kitapekua ukurasa wako?

Barua zilizonifikia mwezi huu zinafanana sana, na sababu naijua. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mlango wa maombi kati ya Novemba 1 na mapema Januari, na vijana wetu wako mbioni kukamilisha insha zao. Zamani wengi waliniuliza juu ya ada na mtihani wa SAT. Siku hizi wananiuliza juu ya Facebook, TikTok na X. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba mambo mazito kuliko mwenyewe anavyodhani.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 18, naishi Nakuru. Nilifanya KCSE mwaka 2024 nikapata A-, na sasa naomba nafasi katika vyuo vinane vya Marekani. Mwalimu aliyetufundisha ametushauri tufute akaunti zetu zote kwa sababu maafisa wa udahili huzipekua. Kuna mambo mawili yananinyima usingizi. Juni 2025 niliweka kwenye X video nilizopiga kwenye maandamano, pamoja na maneno makali juu ya serikali. Tena wakati wa uchaguzi wa 2022, nikiwa kidato cha pili, niliandika Facebook matusi juu ya kabila la majirani zetu. Posti hiyo bado ipo na wanafunzi wenzangu waliiona. Nifute? Watajua? – Msomaji, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kwa uwazi, nami nitakujibu vivyo hivyo.

Kupekuliwa kupo, ila si kwa kiasi mlichoambiwa. Kampuni ya Kaplan, inayowaandaa wanafunzi kwa mitihani, imekuwa ikiwauliza maafisa wa udahili wa Marekani swali lako hili tangu 2008. Mwaka huo karibu mmoja kati ya kumi alisema amewahi kufungua ukurasa wa mwombaji. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 40, mwaka 2018 wakashuka hadi 25, na mwaka 2023 walikuwa 28. Zingatia neno "amewahi". Afisa aliyetazama ukurasa wa mwombaji mmoja tu msimu mzima anahesabiwa humo humo. Kwa hiyo hata katika miaka ile ambayo wengi walikubali, haina maana kwamba waombaji 40 katika kila 100 walitazamwa.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. UCLA hupokea maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka. Harvard mwaka 2024 walipata zaidi ya 54,000. Viko vyuo vyenye sifa kubwa ambako faili moja husomwa kwa dakika nane au pungufu, kisha linafunguliwa linalofuata. Katika dakika hizo anayesoma faili la mtoto wa Kenya anapaswa kuelewa A- ya KCSE ina uzito gani, asome ripoti ya shule, barua za walimu, insha na orodha ya shughuli zako. Saa ngapi atatafuta Facebook yako? Na akiitafuta, ataijuaje? Andika Brian Kiprop au Faith Wanjiku uone ni kurasa ngapi zitakuja. Maafisa wenyewe wanalijua hilo, na wengi wanaona si haki kumtazama mmoja wakamwacha mwingine.

Pamoja na hayo, chuo hutazama kinachotajwa juu yake. Mwaka 2013 gazeti la New York Times liliandika kisa cha Chuo cha Bowdoin, kule Maine. Mwombaji mmoja alikuja kwenye kikao cha kuwakaribisha wageni, na humo humo ukumbini akawa anaandika Twitter maneno ya kuwadharau waliokaa naye. Wahusika wa chuo wakayaona. Alama zake hazikutosha hata hivyo, lakini mkuu wa udahili alisema kwamba hata zingetosha, maneno yale yangemharibia. Hakuna aliyekwenda kumchimbua. Yeye ndiye aliyekitaja chuo.

Basi hatari kubwa iko wapi? Iko kwa watu wanaokujua.

Mwaka 2019 kijana mmoja aliyenusurika shambulio la risasi katika shule ya Parkland, Florida, alikuwa amekwisha kukubaliwa Harvard. Akiwa na miaka 16 alikuwa ameandika maneno ya ubaguzi wa rangi katika ujumbe wa simu na katika hati ya Google aliyoitumia pamoja na wanafunzi wenzake. Maneno hayo yakatolewa hadharani na watu waliosoma naye. Harvard wakamtaka ajieleze; akajieleza na kuomba radhi kwa maandishi; Juni mwaka huo akatangaza yeye mwenyewe kwamba nafasi imeondolewa. Hayakuwa kwenye ukurasa wa wazi, na hakuna afisa aliyeyatafuta. Yalipelekwa.

Nimeyaona haya kwa karibu. Nilipokuwa mwalimu mshauri katika shule moja ya bweni ya wasichana, chuo kimoja cha Marekani kiliniandikia barua pepe. Mtu asiyejitaja alikuwa amewatumia skrinshoti za akaunti ya Instagram yenye jina na picha ya mwanafunzi wangu, na maneno ya kuwadhihaki watu wenye ulemavu. Afisa hakuwa amemhukumu. Aliuliza kama ninajua lolote. Nikamwita binti ofisini, nikamgeuzia kompyuta aone. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, picha ni yangu, ya siku ya michezo. Hiyo akaunti siijui." Nikamwambia tusome tarehe. Posti zote ziliwekwa usiku, siku za katikati ya juma, muhula wa pili ukiwa umepamba moto, na shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Mwalimu mkuu akaandika barua, akaambatanisha tarehe za muhula na nakala ya daftari la matroni linaloonyesha kwamba binti alikuwa bwenini usiku ule. Chuo kikaridhika, na binti akasafiri Agosti. Aliyefungua akaunti hatukumpata, lakini picha ile ya michezo ilikuwa kwenye simu za watu wachache tu, wote rafiki zake.

Nimekisimulia kisa hicho ili uone mambo mawili. Chuo makini huuliza kabla ya kuamua. Na skrinshoti hutoka karibu na nyumbani.

Sasa tuje kwako. Video za maandamano sina neno nazo kwa upande wa chuo. Kijana anayefuatilia mambo ya nchi yake na kuyasemea ni mtu ambaye vyuo vingi vya kule vinamtaka, na ukiona inafaa waweza kuandikia insha yale uliyoyaona barabarani. Ninalokuomba ni uzitazame tena video hizo kwa ajili ya watu waliomo. Kama kuna nyuso za vijana wengine zinazoonekana wazi, ziondoe au uzifiche nyuso. Mwaka 2024 tuliona vijana wakitekwa katika nchi hii kwa sababu ya walichokiweka mtandaoni. Usalama wao unakuja kabla ya safari yako.

Posti ya 2022 ni habari nyingine kabisa. Ifute leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Unaishi Nakuru. Waulize wazee wako mjini humo maneno ya namna hiyo yalizaa nini Januari 2008, nani alichomewa nyumba na nani hakurudi. Ulikuwa na miaka 15, ndiyo, na watu wazima walikuwa wakitukana kukuzidi. Hilo linaeleza ilivyotokea. Waliosoma jina la kabila lao pale bado waliumia.

Kufuta peke yake hakutoshi, kwani aliyetaka nakala alikwisha kuichukua. Wenzako wa kabila lile waliokuwa nawe darasani unawajua kwa majina. Wapigie au uwaandikie, mmoja mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sema uliandika nini, sema ulikosea, omba radhi. Usiwaombe wanyamaze, na usitaje Marekani hata kidogo. Ukitaja chuo, watajua umetumwa na woga wa kukosa nafasi, na watakuwa sahihi kukasirika mara ya pili.

Je, ukiambie chuo? Usipoulizwa, sioni sababu ya kuyatumia maneno 650 ya insha kujishtaki kwa posti ya kidato cha pili. Una mengine ya kuwaeleza. Ila ukiulizwa, jibu ukweli wote siku hiyo hiyo. Usiseme akaunti iliingiliwa na wezi wa mtandaoni. Uongo kwa ofisi ya udahili huondoa nafasi kwa urahisi kuliko posti ya mtoto wa miaka 15, na wakisoma radhi uliyowaomba wenzako kabla hujaulizwa na mtu yeyote, wana kitu cha kukupimia.

Kuhusu kufuta akaunti zote, hapana. Utazihitaji wakati wa viza, kama nitakavyoeleza kwenye barua ya mwisho, na wewe isome pia. Na kwa wale wanaosubiri kupangiwa vyuo vya hapa Kenya, tulieni: KUCCPS huangalia alama za KCSE na machaguo yenu. Hakuna ukurasa wa mtu unaofunguliwa.

Mwalimu, salamu kutoka Iten. Mimi nakimbia mita 5,000 na 10,000, na kocha wa chuo kimoja cha Marekani ameanza kunifuata Instagram. Je, ananichunguza au ni urafiki tu? – Mkimbiaji

Anakuchunguza, na ni haki yake. Yote niliyomwambia kijana wa Nakuru juu ya maafisa kukosa muda hayamhusu kocha. Kocha hachagui kutoka maombi elfu 50. Ana nafasi chache za ufadhili, ana orodha fupi ya majina, na utakuwa chini yake kila siku kwa miaka minne. Kwa hiyo hutazama. Julai 2014 Herb Hand, aliyekuwa akiwafundisha wachezaji wa mpira wa Kimarekani pale Penn State, aliandika hadharani kwenye Twitter kwamba asubuhi ile amemwacha mchezaji mwingine aliyekuwa akimtaka, kwa sababu ya anavyojionyesha mitandaoni. Hakumtaja jina, lakini makocha na wachezaji wote waliisikia.

Kwa mkimbiaji wa Kenya kuna jambo la ziada. Wenzetu wengi wamefungiwa kwa dawa za kusisimua misuli, na kila kocha wa nje analo hilo akilini anapotazama kijana wa Iten. Picha ya dripu mkononi, chupa ya vidonge mezani, hata mzaha wa kambini juu ya "dawa ya nguvu", ni mambo ya kumfanya afunge simu na kumtafuta mwingine. Ondoa. Muda wako pia uandike kama ulivyo. Ukiweka 13:40 na rekodi ya mashindano inasema 14:05, atazipata zote mbili.

Video za mazoezi ya alfajiri ziache. Hizo ndizo alizofuata.

Mwalimu mpendwa, mimi sina akaunti hata moja. Rafiki zangu wanasema chuo kitadhani nimetoka porini, eti nifungue LinkedIn na Instagram niweke picha za kujitolea kwenye makao ya watoto. Nifanyeje? – Binti wa Likoni, Mombasa

Usifungue chochote. Hakuna chuo kinachokupa alama kwa kuwa na ukurasa, na picha za watoto yatima zilizowekwa wiki tatu kabla ya kutuma maombi haziwafai watoto wale wala wewe. Kama kweli unakwenda pale makaoni kila Jumamosi, liandike kwenye orodha ya shughuli na umwombe msimamizi wa makao athibitishe akiulizwa.

Kiungo unachokiweka mwenyewe kwenye fomu ndicho kinachoweza kufunguliwa. Ukiandika kwamba una chaneli ya YouTube ya mashairi, hakikisha chaneli ipo, inafunguka, na maoni machafu ya watazamaji umeyaondoa. Na tazama anwani yako ya barua pepe. Hiyo inaonekana na kila anayeshika faili lako, kuanzia karani hadi mkuu wa udahili. Iwe jina lako tu.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watano. Tulitoka Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tuko Louisville, Kentucky. Binti yetu mkubwa yuko darasa la 12 na chuo kimemkubali mapema. Ameingizwa kwenye makundi ya mtandaoni ya wanafunzi watakaoanza pamoja, na usiku kucha anacheka na simu. Mume wangu anataka binti atoe nenosiri tuone. Mama mmoja wa kanisani naye anasema chuo chenyewe kinaweza kulidai. Je, akishakubaliwa, bado wanaweza kumwondoa? – Mama wa Louisville

Hongera sana, mama. Kutoka Nyarugusu hadi barua ya kukubaliwa chuoni ni kazi kubwa ya familia nzima, na ninafurahi nanyi.

Ndiyo, bado wanaweza. Watu husahau kwamba barua ya kukubaliwa huwa na masharti: amalize shule vizuri, na asifanye jambo la kutia shaka uadilifu wake. Visa vingi vya watoto kupoteza nafasi kwa ajili ya mitandao vimetokea katika kipindi hiki alichomo binti yako sasa, kati ya barua na siku ya kuanza masomo. Mwaka 2017 Harvard waliondoa nafasi za wanafunzi wasiopungua kumi. Vijana hao walikuwa wamekutana kwenye kundi la Facebook la waliokubaliwa, kisha baadhi yao wakajitenga kwenye kundi lao la siri, wakawa wanashindana kutumiana picha za mzaha wa ngono, za kudhihaki makabila na rangi za watu, na za kucheka watoto walioumizwa. Walidhani wako faraghani. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, Chuo Kikuu cha Marquette kule Milwaukee kiliondoa nafasi ya msichana aliyekuwa ajiunge na timu yao ya lacrosse (mchezo wa mpira unaorushwa kwa fimbo zenye wavu), kwa posti yake ya Snapchat juu ya kifo hicho.

Ona yanayofanana hapo: watoto wapya kwa wenzao, wanataka kupendwa, na kicheko kinapanda ngazi usiku hadi usiku. Mtoto mwenye haya ndiye anayesukumwa kuthibitisha kwamba yumo. Mwambie binti yako hivi: kundi likianza kumcheka mtu kwa rangi, dini, nchi alikotoka au mwili wake, atoke siku hiyo. Asibaki kimya akisoma. Jina lake kwenye orodha ya wanakundi huonekana kwenye skrinshoti kama majina ya walioandika. Na ninyi mliokaa kambini mnajua kuliko wengine maneno ya kucheka "wageni" yanavyouma. Mweleze mliyoyapitia, kwa Kiswahili, mezani, simu zikiwa mbali.

Nenosiri, chuo hakina haja ya kumuuliza. California ilipitisha sheria mwaka 2012 ya kukataza vyuo kudai taarifa za namna hiyo kutoka kwa wanafunzi na waombaji, na majimbo kadhaa yalifanya vivyo hivyo. Mtu akimwandikia kwa jina la ofisi ya udahili akidai nenosiri, huyo ni tapeli. Asijibu, apige simu kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi ya chuo.

Kwa mume wako, mpe heshima zangu umwambie hivi. Shemeji, binti huyu miezi michache ijayo atakuwa peke yake bwenini, na nenosiri lake halitakuwa nawe huko. Mwombe akae na mama yake, au na dada wa kanisani anayemwamini, waipitie simu pamoja, yeye akiwa ameishika mwenyewe. Atafuta mengi kwa mkono wake kuliko utakayoyagundua kwa kumnyang'anya.

Mwalimu, mwanangu amepata chuo Ohio, barua ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza ya masomo) imefika, na tumeanza kuomba viza Nairobi. Tumeambiwa afungue akaunti zake zote ziwe wazi kwa kila mtu. Chuo hakikutaka hivyo. Je, ni kweli, na anaweza kukataa? – Baba, Thika

Ni kweli, mzee wangu, na hapa ndipo ningependa hofu yote ya vijana ielekee. Chuo huenda kisifungue ukurasa wa mwanao kamwe. Ubalozi umesema wazi kwamba utafungua.

Tangu Mei 31, 2019, fomu ya viza ya DS-160 humtaka mwombaji aandike majina yote aliyotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Kisha Juni 18, 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kwamba kila anayeomba viza ya masomo, ya mafunzo ya ufundi au ya mabadilishano, yaani F, M na J, ataagizwa aziweke akaunti zake zote wazi ili zichunguzwe. Anaweza kukataa, lakini kukataa kunaweza kumgharimu viza. Wapo wanaotoka kwenye mahojiano na karatasi ya 221(g), maana yake ombi limesimamishwa hadi atimize kilichokosekana.

Keti na mwanao na daftari kabla hajatia sahihi fomu. Waandike majina yote: Facebook ya shule ya msingi aliyoiacha, Instagram ya pili ambayo wewe huijui, X aliyofungua akafunga. Akaunti iliyofutwa mwaka 2023 bado imo ndani ya miaka mitano, na jina lake linaandikwa. Anathibitisha kwa sahihi yake kwamba aliyoyajaza ni kweli, kwa hiyo jina lililofichwa likigunduliwa litamletea shida kubwa kuliko posti yenyewe. Nenosiri asilitoe, serikali ya Marekani imesema hailiombi.

Asifunge akaunti kwa haraka siku chache kabla ya kwenda ubalozini Gigiri. Mimi ningekuwa afisa ningejiuliza anaficha nini. Afute kilicho kibaya kweli, kama matusi, vitisho au kusifu mauaji ya watu, na yaliyobaki ayaache. Utani na ndugu zake, mechi za Gor Mahia na AFC Leopards, nyimbo za kanisani, hata malalamiko yake juu ya serikali yetu, ni maisha ya kijana.

Awatazame pia anaofuatana nao. Agosti 2019 kijana wa Kipalestina kutoka Lebanon, aliyekuwa aanze mwaka wa kwanza Harvard, alizuiwa uwanja wa ndege wa Boston. Kwa maelezo yake, simu na kompyuta yake vilipekuliwa kwa saa kadhaa, akahojiwa juu ya mambo ya kisiasa waliyoyaandika rafiki zake, si yeye. Akarudishwa. Harvard na wengine wakampigania, akaruhusiwa kuingia mapema Septemba, akawahi masomo. Kwa hiyo hata viza ikishagongwa kwenye pasipoti, simu atakayosafiri nayo iwe imepangwa vizuri, na namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake aiandike kwenye karatasi pia.

Kama amekwisha kutuma DS-160 na kuna jina amelisahau, asingoje kuulizwa dirishani. Ajaze fomu mpya sasa, achapishe ukurasa wa uthibitisho wenye namba mpya, na aibadilishe namba hiyo kwenye miadi yake ya mahojiano kabla ya siku kufika, kwa sababu namba mbili zisipolingana atarudishwa mlangoni.